Nataka kujenga reli ndogo ya mezani, nichague kipande gani cha reli ya Tanga?

#1 MtuWaChumbageni
Wakuu salaam. Nina chumba nyuma ya nyumba hapa Chumbageni, mita 3.6 kwa 2.7, kilikuwa stoo ya mama na sasa kanipa. Nataka nijenge reli ndogo, zile za mezani zenye treni inayotembea kwa umeme, na sitaki reli ya kubuni, nataka mtu wa Tanga akiingia tu aseme aah hapa ni mahali fulani. Nimekulia jirani na stesheni, honi ya treni ndo ilikuwa saa yetu. Shida yangu ni kuchagua, maana naipenda yote, kuanzia bandarini, Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyuzi, Korogwe, Mombo, milima ya Usambara iko kulia kwako halafu inakuja ya Upare mpaka unaingia Moshi. Nikichukua kipande kimoja naona nimewatupa wengine. Nyie mngechagua kipi, cha miaka gani, na kwa nini? Mbao nishanunua.

#2 Fundi_Kipimo
Kabla ya mapenzi tuongee namba. Skeli inayotumika sana duniani ni HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Tanga mpaka Moshi ni kilomita 352, gawa kwa 87 unapata kilomita 4 na ushee za reli ndani ya stoo ya mama. Ukishuka kwenye skeli ya N, 1:160, bado ni kilomita 2.2. Hata Tanga hadi Muheza peke yake, kilomita kama 40, ni mita 460. Kwa hiyo habari ya "yote" iishe hapa. Ukifunga rafu kwenye kuta tatu utapata mita 9 hivi, sawa na mita 780 za kweli, hapo inaingia stesheni moja na kipande cha njia kila upande. Swali lako siyo njia gani, ni stesheni gani.

#3 Kijana_Pongwe
Mimi ningeenda SGR moja kwa moja. Dar Dodoma, treni ya umeme, nguzo na nyaya juu, inapendeza balaa. Halafu reli za HO za dukani zina upana wa milimita 16.5, zidisha mara 87 unapata 1,435, ndo geji yenyewe (upana kati ya reli mbili) ya SGR. Hakuna kuchonga. Reli ya Tanga ni ya mita moja, utahangaika nayo.

#4 Ngamiani12
Dogo wa Pongwe reli ya mita moja inapita kwenu hapo, we unachagua ya Dodoma 😂😂 mtu kauliza Tanga bwana

#5 Fundi_Kipimo
@Kijana_Pongwe hesabu yako ni sahihi ila kuhangaika hakupo kiasi hicho. Mita moja gawa kwa 87 ni milimita 11.5, na reli za milimita 12 za HO zinatengenezwa kiwandani kwa ajili ya hiyohiyo geji ya mita, Uswisi wana njia nyingi za namna hiyo na wapenzi wao ni wengi. Hata mtu wa TAZARA yenye 1,067 anatumia hizohizo 12. Kinachosumbua ni vichwa na mabehewa, ya kwetu hayauzwi popote, lazima uchonge au uchapishe kwa printa ya 3D.

#6 Same_Kwetu
Habari za jioni. Mimi nawaomba msisahau mvuke. Zile injini kubwa za Garratt daraja la 59 (yaani aina ya 59) zilizokuwa zinatoka Tanga kuja mpaka kwetu Same, moja ilipewa kabisa jina la mlima wetu, Shengena. Ukiweka hiyo mezani mtu yeyote atasimama.

#7 MwlHistoria
@Same_Kwetu kuhusu jina uko sawa kabisa, 5930 Mount Shengena ipo, imehifadhiwa Nairobi pamoja na 5918 Mount Gelai. Ila daraja la 59 halikuwa la njia yetu. Zilikuwa 34, zilitoka kiwanda cha Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na kila ekseli ilikandamiza reli kwa tani 21 hivi. Uzito huo unataka reli nzito. Kama unataka mvuke wa njia nyepesi tafuta daraja la 31, 2-8-4 (hesabu ya magurudumu mbele, katikati na nyuma), yale ya East African Railways yaliyopewa majina ya makabila.

#8 Same_Kwetu
Asante mwalimu. Basi iletwe 31, ila Shengena naomba ichorwe ukutani kwa rangi, hiyo siachii.

#9 Mzee_Gadi
Wanangu habari zenu. Nilikuwa gadi wa treni tangu enzi za shirika la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977, na nasoma hapa naona mnahesabu milimita lakini kazi hamjaitaja. Treni ya abiria inaingia stesheni, watu wanapanda wanashuka, imeondoka, mchezo umeisha, kijana atakaa anaangalia ukuta. Treni ya mchanganyiko, ya abiria na mizigo pamoja, ndiyo yenye kazi. Inaingia Muheza, kichwa kinakata mabehewa ya mbele, kinaingia njia ya pembeni, kinachomoa behewa lililopakiwa kinasukuma tupu mahali pake, kinarudi kuunga, gadi anakagua breki, na muda wote huo treni inayoteremka kutoka juu imebanwa Mnyuzi maana njia ni moja na stesheni masta hajatoa laini klia, yaani ruhusa kwamba njia iko wazi. Kuchelewa kwa mmoja kunamchelewesha mwenzake. Hapo mtu anaweza kucheza jioni nzima na treni mbili tu. Chagua stesheni yenye mzigo, sura nzuri baadaye.

#10 MtuWaChumbageni
Shikamoo mzee wangu, umenifungua macho. Sasa yenye mzigo ni ipi? Muheza, Korogwe au Mnyuzi yenyewe?

#11 Ngamiani12
Mnyuzi wewe! Pale ndo reli ya Ruvu inaunga, ile ya 1963. Kabla ya hapo ulikuwa unaweza kupanda behewa Tanga ukafika Nairobi kwa kupitia Kahe na Voi lakini Dar hufiki kwa reli, fikiria. Ukiwa na Mnyuzi mezani una treni za kutoka pande tatu, Tanga, Moshi na Dar, na kila moja unaificha nyuma ya ukuta mpaka zamu yake ifike.

#12 BintiNgomeni
Mzee Gadi shikamoo. Mimi naenda mbali kidogo, reli kubwa iwekeni pembeni kabisa. Nimezaliwa shambani kwenye mkonge na reli ya kwanza kuijua ni ile ya shamba, nyembamba ya milimita 600, kichwa kidogo cha dizeli kinavuta vitoroli kutoka maploti mpaka korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Kitoroli chenyewe kilikuwa fremu ya chuma na magurudumu manne tu, hakina kuta, kila mwisho vyuma viwili vimesimama kuzuia mzigo, mafungu ya majani yamelazwa kukingama mpaka juu, na maji ya mkonge yanachuruzika njia nzima, ukiyakanyaga peku unawashwa hadi usiku. Korona inameza majani upande huu, singa mbichi, yaani nyuzi za mkonge, zinatoka upande ule zina rangi ya kijanikijani, zinaanikwa kwenye nyaya zinakuwa nyeupe, zinapigwa brashi, zinafungwa robota, robota ndo zinapanda treni kubwa kwenda bandarini. Sasa niambieni bila hiyo reli ya shamba treni ya Mzee Gadi ingechomoa behewa la nini pale Muheza? Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge huku, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai mwaka 1893, na 1893 ndo mwaka reli ya Tanga ilipoanza kujengwa. Vimekua pamoja hivi viwili.

#13 Fundi_Kipimo
Binti umenikuna. Tatizo moja, 600 gawa kwa 87 ni milimita 7, kichwa chako kitakuwa kidogo mno hata mota haiingii vizuri. Lakini ukipanda skeli ya 1:35, ile ya vifaru na askari wa kuunganisha, 600 inakuwa milimita 17 na reli ya kawaida ya 16.5 inakaa pale bila ugomvi, kichwa cha mita 4 kinakuwa sentimita 11 na nusu, unaweza kuweka hadi panga mkononi mwa mkata mkonge. Na reli ya shamba inakunja kona kali kwa hiyo chumba kinatosha.

#14 Kijana_Pongwe
Kumbe reli za dukani zinafaa, nilivyosema mimi nikachekwa

#15 Mzee_Gadi
Binti Ngomeni marahaba. Sina ubishi na mkonge. Ila kijana kasema anataka reli ya Tanga, na vitoroli vilikuwa vya shamba, dereva wake hakuwa mtu wa reli.

#16 BintiNgomeni
Mzee kwa heshima zote, baba yangu aliendesha kile kichwa na alijiita dereva wa treni mpaka anaingia kaburini.

#17 Mzee_Gadi
Basi alikuwa dereva wa treni. Mungu amrehemu.

#18 Bwagamoyo
Salaam kutoka Bagamoyo. Sisi reli haijatufika ila kuna kitu mnakiruka. Reli yenu inaishia wapi? Majini. Bandari ya Tanga meli ilikuwa inatia nanga nje, mzigo unashuka kwa matishari mpaka gatini, ndo unakutana na behewa. Tengeneza gati na behewa limesimama kwenye kreni, tishari limekaribia, huhitaji hata mita 2 za reli.

#19 Ngamiani12
Mtu wa Bagamoyo lazima aone jahazi hata kwenye uzi wa treni 😂 karibu Tanga, waja leo waondoka leo

#20 Bwagamoyo
Nikija siondoki, nataka nione hiyo stoo.

#21 MwlHistoria
Mimi ningemshawishi mleta uzi aangalie Muheza, ila ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Reli ilifika Muheza 1896 halafu ikakwama, mpaka Korogwe ni 1902. Mombo 1905, Moshi 1911, Arusha ni 1929 Waingereza wakiwepo. Maana yake kwa miaka kadhaa Muheza ndo ilikuwa mwisho wa dunia, treni inafika inageuka. Kwa mjenzi mwenye chumba kidogo stesheni ya mwisho wa njia ni zawadi, huhitaji kuficha upande wa pili, reli inaisha porini kihalali kabisa.

#22 Kijana_Pongwe
Mwalimu mbona shuleni tulifundishwa reli ilianza Dar 1905?

#23 MwlHistoria
Hiyo ni Reli ya Kati, na hiyo nayo ni kweli ilianza 1905 kutoka Dar, ikafika Kigoma 1914. Ya Tanga imeitangulia kwa miaka 12.

#24 Same_Kwetu
Na ilikwama kwa nini hiyo miaka yote? Kilomita za kutoka Muheza hadi Korogwe siyo nyingi kiasi hicho.

#25 MwlHistoria
Pesa. Ilianza kama kampuni binafsi, iliundwa Ujerumani 1891 kwa ajili ya njia hii ya Usambara, ikafilisika, serikali ya kikoloni ikaichukua 1899 ndo kazi ikaendelea.

#26 BintiNgomeni
Pesa iliisha kwa sababu mzigo haukuwepo. Walijenga wakitegemea kahawa ya Usambara Mashariki, na kahawa ile haikuwapa walichotarajia. Mkonge ulikuwa bado mchanga. Treni isiyo na cha kubeba inafilisi mtu yeyote.

#27 Mzee_Gadi
Mimi nasema ni udongo na mvua. Nimepita kipande kile masika nyingi, tuta linalainika, maji yanakula chini ya kalavati, genge zima la njia linalala pale na majembe. Hao walikuwa wanajenga kwa mikono, mvua moja inarudisha kazi nyuma. Pesa inaliwa na matope kwanza ndo mwenye kampuni anafilisika.

#28 Ngamiani12
Au watu waligoma tu kufanya kazi ya kitumwa, mbona hamtaji vibarua? Reli haijijengi. Mtu ana shamba lake la mihogo kwa nini aende kupasua jiwe la Mjerumani

#29 MwlHistoria
Ngamiani hoja yako ina uzito, lakini vibarua walikuwa shida kwenye kila reli ya wakati ule na nyingine hazikusimama. Kampuni kukosa fedha ndo kumeandikwa wazi.

#30 BintiNgomeni
Kumeandikwa na wenye kampuni 🙂

#31 Same_Kwetu
Tukiwa bado juu ya Wajerumani, Mkumbara je? Kulikuwa na kamba ya angani iliyojengwa na Bleichert wa Ujerumani kushusha magogo ya mierezi kutoka Shume, huko juu walikuita Neu Hornow, mpaka chini relini Mkumbara. Gogo linaning'inia juu ya korongo linashuka mlima mzima linapakiwa kwenye behewa. Hebu fikiria hiyo kwenye kona ya chumba, kamba inatoka karibu na dari inashuka mezani.

#32 Fundi_Kipimo
Hii sasa ndo inatumia chumba vizuri. Watu wote wanafikiria urefu, kimo hakuna anayekitumia.

#33 Ngamiani12
Kama ni mbao basi reli ya Sigi inashinda. Ilichepuka Tengeni ikapanda Usambara Mashariki kuelekea Amani, kilomita kama 23 tu, na kwa sababu mlima umesimama ilienda zigizaga, treni inaingia kwenye kipande kilichokufa inasimama, pointi ya kubadili njia inageuzwa, inapanda kinyumenyume hadi kipande kingine. Msitu mzito juu yake na mito. Zigizaga moja tu kwenye ukuta mmoja na unaanza kusikia baridi ya Amani.

#34 MtuWaChumbageni
Wakuu mnaniua. Nilikuja na kipande kimoja cha kuchagua sasa nina saba.

#35 Kijana_Pongwe
Na 1914 bado hatujaisema. Vita ya Tanga, Waingereza na askari wa Kihindi wanashuka Raskazone, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anashusha askari kutoka Moshi kwa treni, mapigano yanafika mpaka kwenye mkato wa reli mjini, nyuki nao wakaingia vitani. Behewa limejaa askari linaingia Tanga usiku, hiyo ni sinema.

#36 Ngamiani12
Sasa dogo umeongea. Nyuki kwa skeli ya 1:87 Fundi atuchongee 😂

#37 Mzee_Gadi
Mimi vita sipendi viwe mchezo, babu zetu wamekufa pale pande zote mbili na wapagazi wasiohesabika. Ni maoni yangu.

#38 Kijana_Pongwe
Nimekuelewa babu.

#39 Fundi_Kipimo
Kitu kimoja ambacho hamjakigusa, na kitaonekana hata mkichagua wapi: mataruma, yale yanayolazwa kukingama chini ya reli. Wajerumani walilaza mataruma ya chuma, mchwa wa huku hawaachi mti. Reli za dukani nyingi zina mataruma ya mbao, manene, yamechorwa mishipa ya mti kabisa. Ukiweka hayo umejenga Marekani. Taruma la chuma ni jembamba, limejikunja kingo, limezama kwenye kokoto, lina kutu ya kahawia. Tafuta reli za mtindo huo au kata vipande vya plastiki ubandike mwenyewe, ni kazi ya kuchosha ila ndo utambulisho wa njia.

#40 Bwagamoyo
Hivi kuna mtu ataangalia mataruma kweli?

#41 Mzee_Gadi
Mimi nitaangalia.

#42 BintiNgomeni
Kwenye majani usinunue zile nyasi za plastiki za nje. Chukua singa, kata vipande vya milimita 4 au 5, chemsha na majani ya chai upate rangi ya nyasi kavu za Januari, zikikauka zichomeke moja moja kwenye gundi kwa kibanio cha nyusi. Zinasimama vizuri kuliko kitu chochote cha dukani. Michungwa ya Muheza unaitengeneza kwa nyaya nyembamba za kebo zilizosokotwa, majani ni sponji iliyosagwa. Na mchanga wa baharini uoshe mara nyingi kabla hujaufanya kokoto, chumvi itakula reli, hewa ya hapa peke yake inatosha kuharibu. Nunua reli za aloi ya nikeli, za chuma zitaota kutu mbele ya macho yako.

#43 Ngamiani12
Ukiweka Muheza weka na akina mama na masinia ya machungwa dirishani, treni ikianza kusogea chenji inarushwa, nusu ya abiria hawajalipa

#44 Same_Kwetu
Na Korogwe je, ilikuwa ni kula tu pale 😋

#45 MtuWaChumbageni
Nimesoma yote na nawashukuru sana. Niseme nilipofika. Namkubali Mzee Gadi kuwa kazi ije kwanza, na namkubali Binti kuwa mzigo unaanzia shambani. Mahali ambapo naona vyote viwili vinakutana ni Ngomeni, stesheni ndogo, njia kuu, njia moja ya kupishana, na shamba la mkonge liko palepale. Miaka ya 60, baada ya uhuru, reli ya Ruvu ishaunga, mvuke na dizeli zinaonana. Reli ya shamba inaingia kutoka kushoto na vitoroli, robota zinahamia kwenye behewa la njia kuu, treni ya mchanganyiko inakuja kuzichukua. Kule mwisho naficha Tanga, kule mwingine naficha Muheza.

#46 Fundi_Kipimo
Umechagua vizuri na umejitafutia mtihani. Skeli gani? HO njia kuu ni 12, shamba ni 7 haitembei vizuri. 1:35 shamba linakaa kwenye 16.5 lakini njia kuu inakuwa milimita 28 na nusu, hakuna anayeuza, na behewa moja la abiria la mita 18 linakuwa nusu mita. Katikati kuna 1:45, njia kuu milimita 22 zipo madukani, shamba 13 utasogeza kidogo utumie 12. Ila kwa 1:45 rafu yako ya mita 9 ni mita 405 tu za kweli, stesheni itabanwa.

#47 Kijana_Pongwe
Toa njia kuu, iwe mchoro tu nyuma, jenga shamba kwa 1:35

#48 Mzee_Gadi
Toa shamba, vitoroli visimame tu vimeshapakuliwa, jenga stesheni kwa 87. Kichwa kitembee.

#49 BintiNgomeni
Mzee vitoroli vikisimama shamba limefungwa, na tumeyaona mengi yaliyofungwa. Angalau kamoja katembee.

#50 MwlHistoria
Mimi bado niko Muheza ya 1896, HO, mwisho wa njia, na chumba kinabaki.

#51 MtuWaChumbageni
Skeli sijaamua. Lakini kuna mtu anayeweza kunipatia vipimo vya jengo la stesheni pale Ngomeni? Upana, urefu, kimo cha ukuta mpaka chini ya paa, na upande upi mlango wa ofisi unatazama reli. Picha za mtandaoni zote zimepigwa kwa mbali.

#52 BintiNgomeni
Jumamosi nakwenda kwa mama, napita hapo hapo. Nitachukua futikamba na mpwa wangu wa kushika ule mwisho mwingine. Niambie kama unataka na umbali wa kutoka ukuta hadi reli ya kwanza, na kama nipime taruma.

#53 Fundi_Kipimo
Pima taruma. Na nafasi kati ya taruma na taruma, kumi mfululizo, halafu ugawe.